Uchunguzi wa Bure Ndio Ghali

Friji inapogoma, neno la kwanza linalomtoka mwenye nayo ni "Itakula makuta ngapi?" Fundi anaitazama dakika mbili, anatega sikio kwenye kompresa, anataja bei. Mteja analia na hali, fundi anashusha kidogo, wanakutana katikati, na kila mmoja anaondoka akijihisi mjanja. Kasoro ya mapatano hayo ni kwamba hakuna kati yao aliyejua wanapatana juu ya kitu gani. Ugonjwa haujajulikana, lakini dawa imeshapewa bei. Hapa nitatetea jambo ambalo wengi Kalemie wataliona geni: ukitaka kulipa bei ya haki kwa kutengenezewa friji, pasi, feni au televisheni, anza kwa kumlipa fundi kazi ya kuchunguza peke yake, hata kama hatashika bisibisi tena baada ya hapo. Uchunguzi wa bure ndio unaotutia hasara kubwa kuliko kitu kingine chochote katika mambo haya.

Hesabu yenyewe si ngumu. Fundi aliyetembea kutoka ng'ambo ya mto Lukuga hadi nyumbani kwako ametumia muda, pengine na nauli ya pikipiki. Kama kutazama hakulipwi, malipo ya muda ule lazima yatoke mahali, na mahali pekee palipobaki ni kwenye spea atakayobadilisha. Kwa hiyo fundi anayegundua kwamba waya tu umelegea kwenye plagi anapata hasara kwa kusema kweli, na fundi anayesema kompresa imekufa anapata faida kwa kukosea. Si kwamba mafundi ni wezi. Ni kwamba sisi wateja tumeweka utaratibu unaomwadhibu mkweli, halafu tunashangaa wakweli kuwa wachache. Mwaka 1973 wanauchumi wawili, Michael Darby na Edi Karni, waliandika juu ya huduma za namna hii, ambazo mnunuzi hawezi kupima ubora wake kabla wala hata baada ya kuzilipia. Ukila samaki utajua kama ni mbichi au ameoza. Ukibadilishiwa kompresa na friji ikagandisha, huwezi kujua kamwe kama ile ya zamani ilikuwa nzima. Walionyesha pia mlango wa udanganyifu ulipo: mtu yuleyule anayepima ugonjwa ndiye anayeuza dawa.

Anayetaka ushahidi uliopimwa atazame Austria. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, watafiti walipeleka kompyuta zenye hitilafu ileile ya kumbukumbu kwenye maduka mbalimbali ya matengenezo. Baadhi ya mafundi waliombwa tu kuzitengeneza. Wengine waliambiwa, kama kwa kupitia, kwamba bima ndiyo itakayolipa. Wastani wa malipo ulipanda kutoka karibu yuro 70 hadi karibu 129, kwa sababu spea zisizohitajika ziliongezwa na saa za kazi ziliandikwa nyingi kuliko zilizofanywa. Hiyo ni nchi tajiri, yenye sheria za walaji na risiti kwa kila kitu. Huku kwetu bima ya kompyuta haituhusu sana, lakini bima yetu tunayo kwa jina lingine: "bosi ndiye atakayelipa", "ni friji ya shirika", "kaka yangu yuko Bilaya atatuma". Mji wetu umeishi na magari ya mashirika ya misaada kwa miaka mingi, na bei za vitu vingi zimejifunza kusoma nembo iliyo kwenye mlango wa gari. Asiyetaka kulipa bei ya nembo asiitaje.

Sasa tuingie jikoni, kwa sababu hapo ndipo hoja hii inapoonekana wazi zaidi. Kauli inayouza kuliko zote katika ufundi wa friji ni "gesi imeisha". Gesi ya friji haiishi kama mafuta ya taa. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kabisa, inageuka kimiminika na kurudi kuwa gesi, na friji nzima inaweza kuishi miaka kumi na zaidi kwa gesi ileile iliyotiwa kiwandani. Kama imepungua, kuna tundu. Fundi anayejaza gesi bila kutafuta tundu amekuuzia maji ndani ya kapu: itagandisha wiki kadhaa, kisha utamwita tena, na utalipa tena. Mteja aliyejaziwa gesi mara tatu kwa mwaka hakupata bei rahisi mara tatu. Alilipa kazi ileile isiyofanyika mara tatu. Kazi yenyewe ina hatua zinazoonekana hata kwa asiye fundi: kutafuta tundu, kulehemu, kubadilisha kichujio kidogo cha shaba kilicho kwenye bomba, kuvuta hewa yote kwa pampu, ndipo kutia gesi kwa kipimo. Kipimo hicho kimeandikwa kwenye kibandiko nyuma ya friji au juu ya kompresa, pamoja na aina ya gesi. Friji nyingi za zamani kidogo hutumia R134a, na nyingi za sasa hutumia R600a, ambayo inashika moto na hutiwa kwa gramu chache tu, mara nyingi chini ya mia. Muulize fundi: "Kibandiko kinasema gesi gani, na gramu ngapi?" Huhitaji kuelewa jibu lote. Inatosha kuona kama ameinama kukisoma. Na fundi anayetaka kuchomelea mabomba ya R600a bila kwanza kuitoa gesi nje, penye hewa, mwombe aiache friji yako hata kama ni rahisi kuliko wote.

Upande wa pili wa mizani kuna hitilafu ndogo zinazovaa joho la hitilafu kubwa. Kompresa inayonguruma sekunde chache, ikatoa mlio wa "tik", ikanyamaza, kisha ikarudia hivyohivyo, inaweza kweli kuwa imeungua. Inaweza pia kuwa nzima kabisa, ila kifaa kidogo cha kuiwashia kilichobandikwa ubavuni mwake, ambacho mafundi hukiita rilei, kimekufa. Tofauti ya bei kati ya rilei na kompresa ni kama tofauti kati ya kiberiti na jiko. Kuzitofautisha ni kazi ya dakika chache kwa mwenye multimita: anapima nyaya tatu za kompresa, anazilinganisha, anapima kama umeme unavuja kwenye bodi. Feni isiyozunguka mpaka uisukume kwa kidole mara nyingi imechoka kapasita tu, wala si mota. Mpira wa mlango uliolegea unaifanya friji ifanye kazi mchana kutwa bila kugandisha, na fundi wa haraka atasema ni gesi. Pasi nayo ina hesabu nyepesi: pasi ya wati 1,000 kwenye umeme wa volti 220 inapaswa kupima karibu omu 48 kwenye waya wake wa joto. Ikipima hivyo, waya huo ni mzima na ubovu uko kwingine, kwenye kamba au thermostati au fyuzi ya joto, vitu vya bei ndogo. Katika mifano hii yote ujuzi wa thamani ni kujua, si kufungua skrubu. Sisi tunalipia skrubu na kutaka kujua kuwe bure.

Kuna kitu kingine ambacho uchunguzi wa haraka haukigusi, nacho ndicho kinachoua vyombo vingi mjini humu: umeme wenyewe. Kalemie inapata umeme wa shirika la SNEL kutoka kituo cha Bendera, kwenye mto Kyimbi, kaskazini mwa mji, kwa njia ndefu ya nyaya. Kila anayeishi hapa anajua taa zinavyofifia jioni na zinavyorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Kompresa iliyopewa volti chache inashindwa kuanza, inavuta umeme mwingi kupita kiasi, inachemka na nyaya zake za ndani zinaungua. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa inalazimishwa kuanza huku shinikizo la gesi bado liko juu, ndiyo maana inahitaji kupumzika dakika tatu hadi tano kabla ya kuwashwa tena. Kwa hiyo fundi anayebadilisha kompresa bila kupima umeme kwenye soketi yako, hasa saa za jioni, amekuuzia kompresa ya pili na anakuandalia ya tatu. Kifaa cha kuchelewesha na kulinda umeme, ambacho wengi hukiita frijigadi, au stabilaiza yenye nguvu inayotosha, kinaweza kuwa sehemu ya matengenezo kuliko spea yenyewe. Ushauri wa namna hiyo haumpi fundi faida yoyote kama halipwi kwa ushauri.

Tuje kwenye bei ya spea, ambayo hapa kwetu ina maelezo yake ya haki. Spea nyingi hutua Dar es Salaam kwa meli, zikapanda treni au lori hadi Kigoma, safari ya reli ya zaidi ya kilomita 1,200, kisha zikavuka ziwa. Kati ya Kigoma na Kalemie ni karibu kilomita 125 kwa mstari ulionyooka, lakini mizigo haisafiri kwa mstari ulionyooka: kuna bandari mbili, forodha ya nchi mbili na upepo wa ziwa. Zinazotoka Lubumbashi kwa reli ya shirika la SNCC, kupitia Kamina na Kabalo, zina zaidi ya kilomita elfu moja mbele yake. Kwa hiyo usimfokee fundi kwa sababu binamu yako wa Dar amenunua thermostati ileile kwa nusu ya bei. Unachopaswa kudai ni bei ya Kalemie, na bei ya Kalemie unaweza kuijua kwa kuingia maduka mawili ya vifaa na kuuliza, ukiwa na jina na namba ya spea iliyoandikwa kwenye karatasi. Namba hiyo unaipata wapi? Kwa fundi uliyemlipa uchunguzi. Fundi ambaye hajalipwa chochote ana kila sababu ya kukuficha namba, kwa maana ndiyo mshahara wake. Hata hivyo akinunua yeye, na akaongeza kidogo juu ya bei ya duka kwa sababu amekutafutia na ataibadilisha ikiwa mbovu, hiyo ni haki yake. Nyongeza ya haki ni ile anayoweza kuitaja mbele yako.

Basi bei ya haki ni ipi? Siwezi kukupa namba moja, na anayekupa namba moja kwa kila friji ya mjini anakudanganya. Sheria ya Kongo ya Julai 9, 2018 kuhusu uhuru wa bei na ushindani inaacha bei kwa wenye biashara, kwa hiyo hakuna orodha ya serikali utakayomwonyesha fundi. Bei ya haki ni ile inayoweza kupasuliwa. Tuseme, kwa mfano tu, fundi ametaja dola 60. Mwombe aipasue: uchunguzi kiasi gani, spea gani na bei gani, gesi na vifaa vya kulehemu kiasi gani, mikono yake kiasi gani, usafiri kiasi gani. Vipande hivyo vikishatajwa, utaona mwenyewe kipi kimevimba. Kama anakataa kuipasua na kusisitiza "sitini ni sitini", ni kwamba hajui au hataki ujue, na kwa mfuko wako matokeo ni yaleyale. Mapatano ya bei yafanyike juu ya kipande, si juu ya jumla. Ukishusha jumla kutoka 60 hadi 40 bila kujua kilichoondoka, kilichoondoka huwa ni kichujio kipya, au pampu ya kuvuta hewa, au spea halisi iliyogeuka kuwa ya kung'olewa kwenye friji iliyokufa. Hayo hutayaona siku hiyo.

Yote yaandikwe, hata kwenye ukurasa wa daftari la mtoto: tatizo lililoonekana, vipande vya bei, siku ya kumaliza, na dhamana ya siku ngapi kwa kazi ileile. Watu husema karatasi ni mambo ya wazungu na mahakama. Lakini amri ya Julai 30, 1888 kuhusu mikataba, ambayo bado ni msingi wa sheria yetu ya madeni na mapatano, katika kifungu cha 33 inayafanya makubaliano halali kuwa sheria kwa waliokubaliana, na karatasi hiyo ndiyo sheria yenu ninyi wawili. Iandikwe pia kama malipo ni franga au dola, na kama ni franga, kwa kiwango cha siku gani. Ugomvi mwingi wa mlangoni huzaliwa na kiwango cha kubadilisha, au na noti ya dola yenye mpasuko ambayo hakuna atakayeipokea. Ongeza kipengele kimoja zaidi: bei ya kikomo, yaani kiasi ambacho fundi hatakivuka bila kukupigia simu kwanza. Umoja wa Ulaya uliliona hilo kuwa la msingi kiasi cha kuliweka katika maelekezo yake ya mwaka 2024 kuhusu haki ya kutengenezewa vitu: fomu ya matengenezo inataja bei au kikomo chake, na fundi aliyeitoa anabanwa nayo kwa siku 30. Mwisho, spea ya zamani irudi kwako. Huna kazi nayo, lakini fundi anayejua utaidai hatabadilisha kilicho kizima.

Najua mapingamizi yatakayokuja. La kwanza, na la uzito, ni la umaskini: mama anayeuza maji baridi na samaki wa mikebuka wa kugandisha hana makuta ya kulipia kuangaliwa. Lakini yeye hasa ndiye asiyemudu kujaziwa gesi mara tatu, wala samaki kuoza mara tatu. Ada ya uchunguzi inaweza kuwa ndogo, na inaweza kukatwa kwenye malipo ya kazi akikubali matengenezo. Cha lazima ni kwamba fundi asirudi mikono mitupu akisema "mama, ni waya tu". La pili: fundi atakula ada ya uchunguzi na kusema lolote. Anaweza. Ila sasa una karatasi yenye jina la ugonjwa, na kwa ada ndogo nyingine unaweza kumwita fundi wa pili bila kumwambia wa kwanza alisema nini. Wakikubaliana, lipa kwa moyo mweupe. Wakitofautiana, umeokoa bei ya kompresa. La tatu husemwa na wafanyabiashara: mafundi ni wengi, ushindani utashusha bei wenyewe. Ushindani unashusha bei ya kitu ambacho mnunuzi anaweza kukipima. Pale asipoweza, unashusha bei inayotajwa na kuacha iliyofichwa ipande. La nne silijibu kirefu: "fundi wangu ni ndugu." Kama ni ndugu, hataona tabu kuandika.

Pingamizi gumu zaidi linatoka kwa mafundi wenyewe, nami nalikubali kwa sehemu. Wanasema wateja huacha vyombo miezi kwenye kibanda bila kulipa, huleta friji iliyoshachokonolewa na watu wanne kisha humlaumu wa tano, na hutaka dhamana kwa chombo kitakachorudi kwenye umeme uleule mbovu. Yote ni kweli. Dhamana ya haki inahusu kazi iliyofanywa na spea iliyowekwa. Haimfanyi fundi kuwa mlinzi wa nyaya za mji. Na malipo ya awali ya spea si dharau kwa mteja, maana fundi mdogo hana mtaji wa kukununulia kompresa kwa matumaini. Bei ndogo kupita kiasi nayo si haki. Multimita, mzani wa gesi na pampu ya kuvuta hewa vinanunuliwa kwa pesa, na fundi anayelipwa kwa huruma hatavinunua kamwe, atabaki kutega sikio.

Swali la kutengeneza au kununua kingine nalo hujibiwa vibaya bila uchunguzi. Kanuni inayotajwa sana, ya kuacha matengenezo yakifika nusu ya bei ya kitu kipya, ilitungwa kwa miji yenye maduka ya vitu vipya. Hapa kinachochukua nafasi ya friji yako mara nyingi ni friji nyingine iliyotumika Bilaya, yenye umri usiojulikana na historia usiyoiuliza. Unalinganisha ugonjwa unaoujua na ugonjwa usioujua, kwa hiyo mimi ningevumilia zaidi ya nusu kama sanduku ni zima, mlango unafunga na kasoro ni moja. Tundu likiwa ndani ya kuta za friji, kwenye mabomba yaliyofunikwa na povu, hapo acha. Kulifikia ni kuibomoa.

Mafundi mnaosoma haya, ombi ni dogo. Kwenye kibao mlichotundika mbele ya kibanda, chini ya namba ya simu, ongezeni mstari mmoja: bei ya kuchunguza friji, bei ya kuchunguza televisheni, bei ya kuchunguza pasi. Nanyi wateja, mkiuona mstari huo, msiombe kupunguziwa.